Mlango wa Kufuli Tatu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, waheshimiwa maprofesa watatu, wenye funguo, wahadhiri wenzangu, wazazi mliotoka Manyoni, Iramba na vijiji vya jirani, wanafunzi wangu. Wakubwa zangu, shikamooni. Wengine wote, hamjambo?

Leo mnaniaga mimi, Klara, mwalimu wa kemia, nikapumzike. Nilipoulizwa nataka zawadi gani, nilisema sitaki kochi wala jozi ya vitenge. Nataka maabara yetu ya pamoja ya teknolojia ya nano ifunguliwe, wageni wauone mtambo. Kamati ikafurahi. Zawadi rahisi kiasi hicho, nani angeikataa?

Ndugu wageni waalikwa, mlango wenyewe ni ule pale nyuma yenu, umeachwa wazi upate hewa. Una kufuli tatu. Vyuo vitatu vya Kanda ya Kati viliungana kupata mtambo mmoja kutoka kwa wafadhili, hadubini inayokuza vitu mpaka vumbi la unga likaonekana kama mawe. Vizuri sana. Halafu kila chuo kikaogopa kwamba wenzake wataufaidi peke yao, kikaleta kufuli yake, na profesa wake akaondoka na ufunguo. Ukitaka kuingia, sharti maprofesa wote watatu wawepo siku moja, mahali pamoja. Na hawa hukutana wapi? Kwenye sherehe! Siku ya uzinduzi walikuwepo. Siku ya uzinduzi wa pili, baada ya kupaka rangi upya, walikuwepo. Siku ya kusomesha watoto, thubutu!

Tunaambiwa hizi ni zama za soko huria, milango yote iko wazi. Mitumba inaingia, sabuni za nje zinaingia, kila mwenye mtaji anaingia. Mwanafunzi ndiye hajaingia.

Nampongeza sana Profesa Bonaventura, mwenyekiti wa kamati, kwa utunzaji wake. Mtambo hauna hata mkwaruzo. Utaupata wapi, na haujaguswa? Aliufunika kitambaa cha kudarizi, kama redio ya sebuleni ya kuringia wageni. Nilipomwombea mwanafunzi wangu nafasi, aliniambia, "Mwalimu Klara, ule mtambo si wa kuchezea. Wanafunzi watauzoea." Jamani! Watauzoea! Mimi nilidhani ndiyo kazi tuliyoajiriwa kufanya.

Mwanafunzi mwenyewe ni Agripina, wa Kintinku. Wenyeji mnayajua maji ya baadhi ya visima vyetu: yana madini ya floraidi, yanayageuza meno ya watoto rangi ya kahawia, na yakizidi yanapinda mifupa. Agripina ana meno hayo. Akicheka, mkono unakimbilia mdomoni. Sijawahi kukiona kicheko chake kizima. Ametengeneza chujio la chenga za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, akazipaka tabaka la kunasa floraidi, jembamba mno kuonekana kwa macho. Je, tabaka limeshika, au limebanduka? Hadubini peke yake ndiyo inayoweza kutuambia. Mwezi huu muda wake wa masomo unaisha, na bila picha hiyo anarudi kwa mama yake mikono mitupu. Nimekwenda kwa Profesa mpaka viatu vikalia. Mara yuko semina, mara mwenzake yuko safarini, mara jenereta halina mafuta.

Leo mafuta yapo. Mnalisikia linavyonguruma? Limewashwa kwa ajili ya kipaza sauti hiki. Ili mzee mmoja apige domo, mafuta yamepatikana. Ili binti amalize masomo, yalikosekana. Mimi naona aibu. Nyinyi sijui.

Namwona Profesa anatazama saa. Namwona mshereheshaji ananiashiria nikate. Tulia, mwanangu, pilau haitakimbia. Mbona hotuba za uzinduzi zilikwenda mpaka watu wakasinzia, na hakuna aliyetazama saa?

Au mnajiuliza bibi huyu anazunguka nini? Haya, niseme. Kiti cha Agripina kiko wazi tangu niliposhika kipaza sauti. Maprofesa mmekaa hapa na funguo mifukoni, mlango uko wazi, umeme upo, na adabu haimruhusu mtu kuondoka wakati anayeagwa bado anaongea. Binti yuko ndani, anapiga picha yake. Na kile kitambaa cha kudarizi, Profesa, ndicho hiki nilichojitanda mabegani.

Kaa, Profesa. Kaa, baba. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya amekaa, wewe unakwenda wapi?

Ningewasimulia pia habari za choo cha maabara, lakini naona hakuna haja. Geukeni nyuma. Huyo anatoka. Agripina, mwanangu, limeshika?

Picha ameiinua juu kwa mikono yote miwili, na anacheka, jamani, anacheka mbele ya watu wote hawa, meno nje.

Basi nimeagwa. Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunisikiliza. Nanyi maprofesa watatu, nawashukuru zaidi kwa kukaa. Sasa zimeni jenereta, tukale.