Sola Ndani ya Khanga

Lori lililoshusha kabichi Morogoro lilikuwa likirudi Mgeta, na Magreth, juu ya matenga matupu, alijifanya anasinzia ili asipitwe na neno. Mzee Elia alikuwa amepakata sola mpya, kaifunika khanga gubigubi.

"Nikiiacha wazi italimaliza jua njiani, mwanangu," alimweleza mama mjamzito aliyekaa karibu naye. "Mke wangu mkunga, anazalisha kwa koroboi."

"Tangu lini jua likaisha kama chumvi, baba? Tena huko kwenu ukungu mtupu!"

"Ndiyo maana nabana matumizi."

Wakabishana mlima mzima. Lori liliposimama, mama akashuka taratibu, akashika tumbo, kisha akageuka na kuivuta khanga.

"Pembe hii imebaki wazi, baba."