Chumvi ya Zizini: Maisha ya Gregory Makoye, Mchimba Visima wa Mwalugoye

Baba Padre, wazee wa ukoo, ndugu na majirani mliofika hapa Mwalugoye leo, Alhamisi tarehe 11 Septemba 1986. Mimi ni Alois Makoye, mdogo wa marehemu, tumbo moja. Karatasi mliyoshika ilipigwa chapa parokiani jana na ina mambo yote yanayotakiwa. Nitaisoma. Ila kuna sehemu nimeiongeza kwa kalamu, haimo humo, na nitaomba mnivumilie nikiifikia.

Marehemu alizaliwa mwezi wa Oktoba mwaka 1931, mtoto wa kwanza wa Mzee Makoye Bujiku na Mama Melania, wote marehemu. Mama alitusimulia kwamba uchungu ulimshikia mtoni, akiwa amechuchumaa kwenye shimo la mchanga akisubiri maji yachuruzike ajaze kibuyu. Hakuondoka mpaka kibuyu kilipojaa, maana angeondoka mwenzake angelichukua shimo. Alifika nyumbani na maji, na saa moja baadaye akajifungua. Mtoto alibatizwa mwaka uliofuata katika misheni ya Ushirombo.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1941 hadi darasa la nne, mwaka 1944. Alikuwa mwanafunzi mzuri ila mbishi. Siku moja mwalimu alifundisha kwamba wakati wa kiangazi mto hukauka na maji huisha. Gregory akanyoosha mkono akasema hayajaisha, yamelala chini ya mchanga, na mama yake anayafukua kila siku. Alichapwa viboko vinne. Alituonyesha alama zake kwa miaka mingi, na kila mara alimalizia kwa kusema kuwa maji bado yapo.

Mwaka 1952 alikwenda Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, akafanya kazi kwenye pampu kwa miaka kumi na tatu. Alirudi mwaka 1965 na sanduku la spana, na tabia ya kusikiliza ardhi kama watu wengine wanavyosikiliza redio. Mwaka 1972 aliajiriwa kuwa fundi wa visima vifupi. Alitembea vijiji vingi na kile chuma kirefu cha kuzungusha kwa mikono, akitoboa ardhi ya mabonde, akionja udongo kwa ulimi. Alichimba visima arobaini na kimoja. Kisima chetu, hiki mlichokunywa maji yake tangu Jumanne, alikimaliza Novemba 1973, akakijengea pete za zege na kukifungia pampu ya mkono.

Alifunga ndoa mwaka 1957 na Serafina, ambaye wengi mnamwita Mama Coletha. Siku ya kwanza alipokwenda kwao hakuuliza habari za ng'ombe wala mashamba. Aliuliza wanachota maji wapi, na alipoambiwa ni mwendo wa saa mbili, akamwahidi binti maji karibu na mlango. Shemeji yangu aliyasubiri kwa miaka kumi na sita, na hakuna siku aliyomkumbusha. Walijaliwa watoto sita.

Marehemu alikuwa mtu wa kukera, na nasema hivi kwa heshima. Alifunga kisima kwa seng'enge na mlango. Saa sita mchana alikuwa anakifunga ili kijaze upya, kwa sababu kisima kikichotwa mfululizo kinavuta mchanga. Mama Zipora, ambaye yupo hapa, aliwahi kumwambia kuwa maji ni ya Mungu, yeye ni nani kuyafungia. Gregory akamjibu, "Ni ya Mungu, mama. Lakini ngozi ya ndani ya pampu imelika, na Mungu hajaleta nyingine." Kila mkutano wa kijiji alisimama kueleza jambo lilelile. Maji ya kisima ni mvua ya mwaka jana na juzi iliyonyesha huko juu kwenye mteremko, ikazama mchangani, ikakutana na udongo mfinyanzi usiopitisha, na sasa inateremka polepole kuja kwetu. Kwa hiyo kilicho juu ya mteremko ndicho tunachokunywa. Aliomba mteremko uwe ngitili, usilishwe mifugo, majani yashike mvua. Tulimsikiliza tukiwa na pamba masikioni. Mwenyekiti aliandika "limepokelewa", tukaenda zetu.

Na juu ya mteremko kulikuwa na nini? Zizi. Zizi langu. Wakati wa operesheni ya vijiji, mwaka 1974, sisi wengine tulihamishiwa hapa alipokuwa kaka, nami nikalijenga hatua sitini juu ya kisima ili ng'ombe wasitembee mbali. Marehemu aliniomba nilihamishe kabla hata miti haijakauka. Nikasema nitaangalia. Mwaka 1976 baba akafariki, nasi tukamzika zizini, kama mila yetu inavyotaka kwa mwenye mji. Gregory peke yake alipinga mahali pale. Watu walisema mtoto wa kwanza gani huyu anayemnyima baba yake zizi. Na mimi nikapata sababu nzuri kuliko zote. Kila aliponiambia hamisha zizi, nilimjibu, sihami nikamwacha baba.

Masika ya mwaka 1979 watoto wengi hapa waliharisha damu. Wengine walipona. Tereza, mtoto wake wa mwisho, alifariki tarehe 22 Machi akiwa na miaka minne. Mganga wa zahanati alisema ni maji machafu. Hakusema ni maji gani, na mimi nikasema msibani kwamba ni kazi ya Mungu. Marehemu alinitazama.

Hapa ndipo karatasi yenu inaruka. Inasema tu kwamba "aliendelea kuhudumia kisima". Ninayosoma sasa nimeyaandika mwenyewe.

Januari mwaka 1980 Gregory alikuja na madebe mawili ya chumvi, wakati ambapo chumvi dukani ilikuwa ya kubahatisha. Akawaita wazee, akaifukia kwenye kona ya chini ya zizi langu mbele yao. Tukakubaliana. Ndani ya mwezi mmoja, maji ya kisima yakiwa na ladha ya chumvi, nitahamisha ng'ombe. Yasipokuwa nayo, yeye atanyamaza moja kwa moja. Wa kuonja kila alfajiri nilichaguliwa mimi, kwa sababu nilikuwa mpinzani wake na hakuna ambaye angedhani ningempendelea.

Siku ya tatu ng'ombe waliifukua. Mnajua ng'ombe na chumvi. Walichimba kwa kwato na ndimi mpaka shimo likafika magotini, na kijiji kizima kilikuja kutazama. Watu wakampa Gregory jina la Bwana Mifugo. Yeye alifukia upya iliyobaki, akarundika mawe juu, akasema iliyoyeyuka imeshaondoka, iko njiani. Wiki mbili baadaye akaenda kuchimba kisima upande wa Bugarama kwa siku kumi.

Siku ya ishirini na tatu, baada ya mvua kubwa ya siku mbili, nilionja. Maji yalikuwa na chumvi. Kidogo tu, kama uji uliotiwa chumvi na mkono wenye haraka, lakini ilikuwemo. Nilionja tena, nikaonja na kesho yake, ikawepo. Siku iliyofuata ladha ilikuwa imepotea. Akina mama walisema maji yamebadilika kwa ajili ya mvua, nami nikawaacha waseme hivyo. Gregory aliporudi, wazee waliniuliza mbele yake. Nilisema sikuhisi kitu.

Naye akatimiza ahadi. Tangu siku ile hakulitaja zizi langu tena. Alihudumia pampu, akawaambia akina mama wachemshe maji, akawachukia wasiochemsha, basi. Miaka sita na nusu. Mimi nilikuwa nampita kisimani kila asubuhi, shikamoo kaka, marahaba Alois, na ng'ombe wangu nyuma yangu.

Ugonjwa ulimwanza Februari mwaka huu, uvimbe wa tumbo. Alilazwa mara mbili, na mwezi wa nane madaktari wakamruhusu arudi kwake. Jumapili iliyopita aliniita, akaniuliza, "Alois, yalikuwa na chumvi au hayakuwa nayo?"

Nikamwambia, "Yalikuwa nayo, kaka. Siku mbili."

Akasema, "Mama Coletha aliniambia siku ileile niliporudi. Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

Nilimuuliza kwa nini hakuwaambia wazee. Alisema makubaliano yalikuwa ulimi wangu, siyo wa mkewe. Nikaanza kulia, nikamwambia habari ya baba, kwamba nisingeweza kumwacha. Alichoka na mimi, niliona. Akasema, "Nani alikwambia umhamishe baba? Baba abaki. Ng'ombe ndio wahame." Miaka kumi tangu baba afariki, na jambo lenyewe lilikuwa fupi hivyo. Sikuwahi kumpa nafasi ya kulimaliza.

Aliniachia neno moja zaidi, kwamba yeye asizikwe zizini kama baba, azikwe chini ya kisima, upande maji yanakoelekea baada ya kutupita. Wazee walinuna, na waliobeba jeneza wamelalamika kuwa ni mbali. Ni hatua mia mbili. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 1986, saa nne asubuhi, wakati wa kufungua kisima ulikuwa umepita na foleni imefika barabarani. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyelalamika kuchelewa.

Na bado jana, jana hii hii, nimewakuta vijana wa jikoni wanaosha utumbo wa ng'ombe wa msiba juu ya sakafu ya pampu yake. Nimewafukuza kwa fimbo, na nikaona aibu, kwa sababu wamejifunza kwetu. Kwangu kwanza.

Marehemu ameacha mjane, Serafina, watoto watano, Coletha, Felician, Kamili, Salvina na Thobias, wajukuu tisa, na mdogo wake mmoja. Ameacha pia kisima kimoja cha Mwalugoye, chenye kina cha mita sita. Kinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, kinafungwa saa sita mchana, na ufunguo anao Salvina. Msibishane naye.

Jana jioni, nilipotoka kuwafukuza wale vijana, nilianza kung'oa miti ya zizi. Wanangu walinisaidia. Tumeacha ile iliyozunguka kaburi la baba tu. Usiku wa kuamkia leo ng'ombe wamelala ng'ambo ya barabara, na wamelia sana kwa ugeni.

Kaka, umechelewa kusikia, na kosa ni langu. Ng'ombe wamehama. Pumzika kwa amani.