Kilo Kumi na Mbili za Mama Mizani

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mhandisi wetu mkuu wa darubini ya angani anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Kazi ya kuandika habari zake nimepewa mimi, fundi vyuma ambaye karakana nzima inaniita Mjomba. Shule niliiacha njiani, lakini kwa kusimulia hapa hakuna wa kunishinda, na wanaobisha wanajijua.

Alianza kama mpimaji wa uzito, akipima kila nati kabla haijafungwa. Ndiyo asili ya jina Mama Mizani. Sheria yake ilikuwa moja: ukiongeza kitu, toa kingine cha uzito uleule. Siku moja nilipaka mabano, vile vyuma vya kushikilia vifaa, rangi mara mbili ili yapendeze. Akaniuliza, "Mjomba, huko juu nani atakuja kuyatazama?" Nikakwangua siku mbili. Mabano yale, nisijisifu, hayana ndugu duniani.

Wakati wa kupanga, watu wa vioo walitaka kioo kipana cha kukunja, kijifungue kikifika juu. Yeye akachagua kidogo kisichokunjwa. Alikiri kwamba kitakusanya mwanga kidogo, ila bawaba ikikwama kule hakuna fundi wa kupelekwa, hata mimi. Walimnunia mwezi mzima.

Mwaka juzi, wiki tatu kabla ya ukaguzi, darubini ilizidi uzito ulioruhusiwa kwa kilo kumi na mbili. Roketi haibembelezwi. Uzito usiposhuka, mradi unafutwa, na miaka yetu yote inakwenda na maji. Kila idara ikakumbatia chake. Njia rahisi ilikuwa kupunguza mafuta ya akiba, ila darubini ingeishi miaka mitano badala ya kumi na miwili. Mimi nilitoboa mabano yangu matundu kama chujio, nikapata gramu mia nne.

Zikabaki kilo kumi na moja na gramu mia sita. Huo ndio uzito wa kamera ya pili, aliyoibuni yeye mwenyewe kwa miaka tisa. Asubuhi moja alikuja na bisibisi, akaifungua skrubu moja moja, akakataa kusaidiwa. Akaiweka mezani, akatuambia tusikodoe macho, chai inapoa. Hakuna aliyeigusa chai.

Darubini ikapita, na Februari iliyopita ikaruka. Picha ya kwanza ilipoteremka, watu wa vioo, walewale wa kununa, waliipeleka mezani kwake kabla mkurugenzi hajaiona. Aliitazama muda mrefu, akasema nyota zimetulia vizuri.

Mama Mizani, ahsante kwa kuchagua njia iliyokuuma. Nenda ukale matunda ya jasho lako pamoja na mzee wako na wajukuu, mwili ukiwa na afya na moyo ukiwa mweupe. Darubini ina miaka mingi ya kutazama, na kila picha mpya tutakuletea hadi mlangoni, mimi nikiwa mbele.