Kibukusu cha Mama Yenu

Nakhumicha, sogeza kiti. Na wewe Quincy, weka simu mfukoni, maana pumzi niliyobaki nayo sitaki kuigawa na mtu mwingine. Nisikilizeni, wanangu, kabla dawa haijanilaza tena.

Nyumba ya Kangemi ni yenu wawili, na wapangaji wa vyumba vya nyuma msiwafukuze. Hayo ni mepesi. Zito ni huyu Mwalimu Waridi aliyeketi pale dirishani, ambaye nimemwonea wivu tangu alipotoka Lamu kuja chuo kikuu kufundisha Kiswahili, mlango wa pili kutoka kwangu. Wanafunzi wake walikaa hadi sakafuni, huku mimi na somo langu la Kibukusu, lugha ya kwetu Bungoma, tukitazamana na viti vitupu, mpaka mkuu wa idara akalifuta somo langu na chumba kile kile akampa yeye. Tangu hapo nilipitia ngazi za nyuma nisisikie vicheko vyao.

Nawe Quincy, nilipotaka nikufundishe nyumbani, ulinijibu, "Buda, hiyo lugha itanisaidia na nini hapa Nairobi?" Nikavirudisha vitabu kabatini.

Basi jana, mlipokwenda kumwona daktari, Waridi aliniinamia akanisalimu kwa Kibukusu. Si kile cha vitabuni. Aliivuta miisho ya maneno kama marehemu mama yenu, akacheka katikati ya sentensi kama yeye. Nikamwuliza, "Nani amekufunza?"

"Mama Nakhumicha. Kila Jumamosi, jikoni kwako, ulipokuwa ofisini ukisahihisha mitihani. Aliniambia, 'Watoto hawataki, na mzee anafundisha kama anayegomba. Njoo wewe.'"

Wanangu, nililia, na muuguzi akadhani ni maumivu. Ulikuwa wivu. Mama yenu alimsimulia jinsi alivyouvuka mto Nzoia akiwa msichana, akikimbia kuozwa kwa mzee asiyemtaka; nami, niliyelala naye kitanda kimoja mpaka anakufa, sikuwahi kuisikia habari hiyo. Hata sasa ninavyosema ninaona wivu, na msiuombee unitoke, labda ndio unaonipa nguvu ya kumaliza.

Shikeni neno langu. Kanda zangu zote, sauti za wazee nilizorekodi Bungoma, mpeni Waridi. Usinikunjie uso, Nakhumicha. Wewe ungezitunza kabatini, yeye atazisikiliza. Nanyi mtakwenda kwake, mketi chini, mjifunze lugha ya mama yenu kutoka kinywani mwa mtu wa Lamu. Inaniuma kulisema. Nendeni hivyo hivyo.

Nipeni maji... Inatosha.

Baraka nitaitoa kwa Kibukusu, sijui kubariki kwa lugha nyingine. Waridi, njoo karibu... uwatafsirie. Taratibu, wasipitwe na neno. Na pale pumzi itakaponiishia... malizia wewe. Unajua... mama yao angesemaje.