Marehemu Moffat Mwai Gatimu na Swali la Kangari

Mzee Moffat Mwai Gatimu alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 huko Kagio, Kirinyaga, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Gatimu na marehemu Mama Nyawira, wakulima wa nyanya. Alisoma Kagio, kisha akajiunga na chuo cha utabibu mjini Nyeri, alikohitimu mwaka wa 1988.

Kwa miaka ishirini na minane alikuwa tabibu katika hospitali za Nyeri. Mwaka wa 1991 alifunga ndoa kanisani Ruring'u na Mwalimu Beth Watiri. Mungu aliwajalia Muriithi na Monicah.

Mwaka wa 2017 alirudi masomoni, chuo kikuu, kusomea maadili ya utafiti wa tiba, yaani haki za watu wanaofanyiwa utafiti. Alikuwa amechoka kuona wagonjwa wakitolewa damu wasijue inakwenda wapi. Monicah alikuwa akisoma chuo hicho hicho, na siku ya kwanza alimwambia:

"Baba, usikae mbele. Watadhani wewe ndiye mwalimu."

"Wacha wadhani. Labda wataninunulia chai."

Kamati ya mazishi ilishauri sehemu inayofuata irukwe. Familia imekataa, kwa kuwa hata katika mikutano ya matanga wiki hii maneno yamesemwa.

Mwaka wa 2019, kwa ajili ya tasnifu yake, Mwai alifuatilia mradi wa utafiti wa figo uliochukua damu ya wachumaji chai wa Kangari. Mradi ulidai wote waliridhia. Yeye aliwatembelea nyumbani, mmoja mmoja. Mama mmoja alimjibu huku akichagua maharagwe:

"Tuliitwa pale tunapopimia majani. Mwenyekiti akasema anayekubali, mkono juu. Mumeo ameinua, jirani ameinua. Sasa wewe daktari, wako ungeuweka wapi?"

Mwai aliripoti aliyoyasikia. Mradi ukasimamishwa, na kliniki ya bure ambayo mradi huo uliwafungulia wachumaji ikafungwa. Ndipo ikasemwa kwamba aliuza damu ya akina mama, tena kwamba alilipwa ili awanyime matibabu. Hakuuza. Hakulipwa. Kliniki ilifungwa kweli, na jambo hilo lilimuuma hadi mwisho. Kila Jumamosi alikwenda Kangari na mashine yake ya kupima presha, akakaa nje ya kanisa. Wengine walikuja. Wengine walivuka barabara.

Mwaka wa 2023 alipatikana na saratani ya ini. Daktari kijana alimuuliza mkewe kama mzee angeingizwa katika majaribio ya dawa mpya.

"Daktari," Mwai akasema kutoka kitandani, "kwani mama ndiye mgonjwa?"

Alimuuliza maswali hadi kijana akavuta kiti. Kisha akakubali, akijua kwamba dawa hiyo huenda ingewafaa watakaougua baada yake tu. Yeye haikumfaa. Alifariki nyumbani Ruring'u tarehe 9 Februari 2025, baada ya safari ndefu iliyowachosha wote waliomuuguza.

Ameacha mjane, Mwalimu Beth Watiri, watoto, Muriithi na Monicah, mkaza mwana, Kathure, mjukuu mmoja, na ndugu yake, Peterson, anayewasomea maneno haya.

Mwenye swali kuhusu Kangari na aiulize familia leo, kabla ya udongo. Baada ya hapo, tunawaomba, mwacheni Mwai apumzike kwa amani.