Akinisi Aullaluk, Aliyekula Mwani wa Barafu (1949–2024)

Marehemu Akinisi Aullaluk alizaliwa tarehe 11 Machi 1949 katika kambi ya majira ya baridi, upande wa mashariki wa ghuba hii yetu ya Kangiqsujuaq, ndani ya nyumba ya theluji. Alikuwa mtoto wa tano na wa mwisho. Ndugu zake wanne walimtangulia mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho wao tulimzika mwaka 2011. Tangu siku hiyo hakubaki mtu hata mmoja duniani aliyemjua akiwa mtoto. Alikuwa akilisema jambo hilo bila kulalamika, kama mtu anayekuambia chumvi imeisha.

Alianza shule mwaka 1960, serikali ilipoleta jengo moja na mwalimu mmoja, akasoma miaka mitatu. Alifundishwa kuhesabu kwa matufaha, tunda ambalo hakuwahi kuliona. Meli ilipolileta hatimaye, alilionja, akalirudisha, akasema linafaa zaidi kwa hesabu.

Shule yake hasa ilikuwa kwa mama yake. Wakati wa bamvua, maji yakishapwa kabisa, barafu ya ufukweni hubaki ikining'inia na chini yake huwa pango. Hapo unatoboa, unashuka, unaokota kome, na unapanda kabla maji hayajarudi. Wengine walishuka wakiangalia chini, kwenye kome. Akinisi na mama yake waliangalia juu pia, kwenye dari, ambako mwani huota kila majira ya kuchipua, wa kahawia, unaoteleza kama uji. Katika mwaka mmoja wa njaa, sili walipopotea na mbwa wakafa, mama huyo aliukwangua kwa kisu chake cha nusu mwezi, akauchemsha, akamnywesha mwanawe. Akinisi hakuacha kuunywa tangu wakati huo, hata friji yake ilipojaa kuku wa dukani. Watu walimcheka sana.

"Shemeji, unakula kinyesi cha barafu," Lukasi, mdogo wa mume wake, alimwambia mara nyingi. Lukasi huyo ndiye anayesoma hapa mbele yenu.

"Wadudu wa chini wanakula huu," naye alijibu. "Chewa anakula wadudu, sili anakula chewa, wewe unakula sili na kitambi unacho. Sasa kwa nini mimi nisubiri wote hao washibe kwanza?"

Kuanzia mwaka 1974 hadi 2009 alikuwa mpishi wa shule ya hapa kijijini. Mwalimu mkuu mmoja aliyetoka kusini aliipenda supu yake ya samaki, akawa anarudi na bakuli mara mbili, mara tatu, akisifu ile rangi. Alikuja kuuliza kilichomo wiki ya mwisho kabla hajahama. Akinisi alimtoa nje, akamwonyesha kipande cha barafu kilichogeuzwa juu chini. Inasemekana mwalimu aliinama akakinusa, kisha akaomba cha kubeba.

Tarehe 2 Agosti 1969 alifunga ndoa na Juusipi Aullaluk. Mungu hakuwajalia mtoto. Waliishi vizuri, na anayetaka kujua walivyoishi akumbuke jinsi walivyofanya kazi. Mke alishuka, mume alibaki juu ya tundu. Anayebaki juu hutakiwa kupaza sauti muda wote, ili aliye chini ajue tundu liko upande gani, na maji yakianza kugeuka humwita apande. Juusipi aliimba nyimbo za kanisani, zote kwa sauti moja, zote vibaya. Akinisi alisema akiwa chini alikuwa anaharakisha ili amnyamazishe.

Juusipi alifariki Novemba 1998. Majira ya kuchipua yaliyofuata, Akinisi alishuka peke yake. Tuligombana naye, hakusikia. Tulijitolea kwenda kumsimamia tundu, akasema hataki mtu wa kuazima. Alichofanya ni kuweka redio ndogo pembeni ya tundu, akaifungulia mpaka mwisho, na kwa kuwa Lukasi ndiye mtangazaji wa redio ya kijiji, ikawa kazi yake. Siku za bamvua alikuwa akikatiza salamu na matangazo ya bingo na kusema hewani: "Akinisi, kama uko chini, maji yanageuka. Panda." Kijiji kizima kiliacha kilichokuwa kinafanya kikasubiri. Baada ya muda simu ya studio ililia, na sauti yake ikasema, "Nimepanda. Endelea na bingo yako." Ilikuwa hivyo kwa miaka ishirini na zaidi. Mwanamke yule alikuwa mpweke, na sisi tuliomsikiliza tulijua, wala hatukuwa na la kufanya.

Mtoto wake mmoja alimpata kwa njia yetu. Mwaka 1991, jirani yake alipojifungua, Akinisi ndiye aliyemvisha kichanga nguo yake ya kwanza, hivyo akawa sanajik wake. Kila mmoja hapa anajua maana yake. Cha kwanza ambacho mtoto atakiwinda au kukiokota kwa mikono yake, atampelekea aliyemvisha, naye atapokea kwa vifijo mbele za watu, na kuanzia siku hiyo mtoto anahesabiwa kuwa na mikono. Mtoto huyo wa kike ni Niali. Alipofika miaka minne, mama yake alihamia Montréal akaenda naye. Akinisi alihudhuria sherehe za masanajik wengine wote, akala, akapiga vifijo, akarudi nyumbani. Yake hakuipata. Mtu akimuuliza, alisema Niali anakuja mwaka huu. Alisema hivyo kila mwaka, mpaka watu wakaona aibu kuuliza.

Alianza kuugua mwezi Oktoba 2023. Chakula kilimkwama, na mwezi Februari alipelekwa kwa ndege hospitali ya Montréal, ambako waliona saratani ya koo. Huko hapakuwa na mtu wa kuongea naye lugha yake isipokuwa mkalimani, aliyekuja Jumanne. Niali, ambaye sasa ni mtu mzima na anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, alisikia na akaanza kuja kila jioni. Mara ya kwanza alikuja na bakuli la kome, waliopikwa kwa vitunguu saumu na siagi. Alitaka kutimiza jambo lake.

"Umeshuka wapi?" Akinisi alimuuliza.

"Dukani, mama."

"Duka lina barafu?"

"Lina. Wamewapanga juu yake."

"Juu," alisema Akinisi. "Sisi tunashuka chini. Hao kula mwenyewe, wasiharibike."

Niali alitoka akalia kwenye korido. Aliporudi, mgonjwa alikuwa amemsogezea kiti. Akinisi alimweleza kwamba kome hata wa kwetu hawapiti tena kooni, ila mchuzi unapita. Akamwambia aende nyumbani, ashuke, amletee mwani wa barafu.

"Nikienda nani atakaa na wewe?"

"Ukikaa utafanya nini, utanitazama? Wauguzi wamenitazama vya kutosha. Nenda. Bamvua haisubiri mtu."

Basi alimfukuza mtu pekee aliyekuwa naye, na alijua anachofanya. Niali alitua hapa Jumatatu tarehe 22 Aprili, akalala kwa Lukasi. Alhamisi tarehe 25 alishuka kwa mara ya kwanza maishani mwake, na redio ya Akinisi ikiwa pembeni ya tundu, kwa sababu naye alikataa mtu wa kuazima. Hilo sijui alilirithi wapi.

Niali akiwa bado chini, simu ya studio ililia. Ilikuwa hospitali. Marehemu alikuwa ameaga dunia asubuhi hiyo, akiwa peke yake chumbani. Lukasi alikata simu, akatazama saa, akaona maji yanageuka. Akasogeza kipaza sauti na kusema kama siku zote: "Niali, kama uko chini, panda." Wengi mlisikia. Hamkusikia kitu kingine, na alishukuru kwamba hamkusikia. Kisha alikaa akisubiri simu ilie tena. Ilipolia, binti alikuwa anahema na kucheka. "Baba mdogo, nimepanda. Ninao."

Akaambiwa hapo hapo. Hakuna namna nzuri ya kuambiwa.

Kipande cha barafu alichopanda nacho kimekaa barazani kwa Lukasi siku zote hizi, ndani ya mfuko wa nailoni, upande wa kahawia ukiwa juu. Marehemu alirudi kwa ndege juzi. Kaburi lake ni moja ya yale tuliyochimba vuli, kabla ardhi haijaganda, bila kujua ni la nani.

Orodha ya aliowaacha ni fupi, kwa hiyo itasomwa taratibu. Ameacha shemeji, Lukasi. Ameacha redio moja. Ameacha binti, Niali, ambaye ana mikono.

Kabla jeneza halijafungwa, Niali atakuja mbele aweke alichomletea mikononi mwake. Anayepaswa kupiga vifijo ni anayepokea, na leo hawezi. Tafadhali, tumpigie sisi, kwa nguvu, kama alivyowapigia watoto wetu wote.

Pumzika, shemeji. Akinisi, kama uko chini, maji yanageuka. Panda.