Moshi wa Kurudi

Basi la Tunduru lilikuwa halijatoka hata nje ya Songea, mwalimu Asumpta akafunga kitabu chake. Kwenye kiti cha mbele yake palikuwa na mambo. “Kupeleka korosho Mtwara, dizeli lita mia na ishirini,” alisema mzee mmoja, dereva wa lori. “Kurudi, themanini.”

Binti aliyeketi naye, aliyetumwa kukusanya hesabu za moshi wa malori kwa ajili ya wanunuzi wa Ulaya, hakuandika ile themanini. “Kurudi lori ni tupu, baba. Fomu inataka safari yenye mzigo tu. Weka saini hapa.”

“Lori tupu linakunywa maji? Wallahi, sisaini nusu ya safari!”

“Wanunuzi wakiona moshi mwingi watatuhama.”

“Wahame! Moshi nimeutoa mimi, nitausema wote.”

Asumpta, msahihishaji wa mitihani kwa miaka ishirini, aliwajua vizuri watahiniwa wanaojibu maswali wanayoyapenda tu.

Basi likasimama Namtumbo. Binti akakunja fomu isiyo na saini, akainuka.

“Jioni unarudi Songea?” mzee akamuuliza.

“Ndiyo, baba.”

“Basi mwambie dereva asiwashe injini. Si umesema kurudi hakuhesabiwi?”